Mwandishi wa Safu Anayedai Uhuru wa Nchi Yake: Mwanahabari, Mwanasiasa au Mchochezi?

Kila mjadala wa Muungano unapopamba moto Zanzibar, na kila habari za Scotland au za Catalonia ya Hispania zinaporudi kwenye taarifa ya saa mbili usiku, hujitokeza ubishi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi kwenye meza za kuuzia magazeti. Mtu hufungua ukurasa wa safu akakuta mwandishi ameandika waziwazi, kwa jina lake na picha yake, kwamba sehemu fulani ya nchi ingefaa ijitawale, kisha huuliza: huyu naye ni mwandishi wa habari? Mmoja humjibu kwamba huyo amelipwa na chama. Wa pili husema ni mwanasiasa aliyejificha nyuma ya kalamu. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, husema mtu wa namna hiyo angekuwa ndani siku nyingi. Majibu yote matatu yanachanganya mambo ambayo yanafaa kutenganishwa, na njia niionayo kuwa rahisi ni kufuata maisha ya kazi ya mtu mmoja tangu mwanzo. Nimemchagua Neal Ascherson, mwandishi wa safu Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1932, kwa sababu kazi yake imechukua zaidi ya nusu karne, hivyo tunaweza kuona msimamo wake ulivyokuwa ukisogea, na kwa sababu njia yake ilipita Uganda na katika historia ya Congo kabla ya kurudi kwao.

Kwanza tusafishe maneno, maana Kiswahili chenyewe kimetutegea mtego hapa. Neno "Uingereza" tunalitumia kwa vitu viwili: England, yaani nchi ya Waingereza wenyewe, na dola nzima yenye England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halina neno, lakini katika mada hii linapotosha, kwani kumwita Mskoti Mwingereza ni karibu sawa na kumwita Mzanzibari Mtanganyika. Scotland ilikuwa dola yenye mfalme na bunge lake. Mwaka 1603 mfalme wake alirithi pia kiti cha England, na kuanzia tarehe 1 Mei 1707 mabunge mawili yakawa moja, likakaa London, huku Scotland ikibaki na sheria zake, mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu. Kwa hiyo anayedai uhuru wa Scotland haoni kwamba anamega mkoa. Anaona anavunja mkataba wa nchi mbili. Anayempinga huona dola moja iliyodumu zaidi ya miaka 300. Msomaji aliyekulia na tarehe 26 Aprili 1964 hahitaji kuchorewa picha ya mitazamo hiyo miwili. Katika makala haya, Uingereza ni dola nzima, na England nitaiita England.

Neno la pili ni safu yenyewe. Gazeti huwa na sauti za aina tatu, nazo hazifuati kanuni moja. Habari hueleza kilichotokea, na ripota akiweka humo matakwa yake amekosea kazi. Tahariri ni sauti ya gazeti lenyewe, ndiyo maana haina jina la mtu. Safu ni sauti ya mtu mmoja anayejulikana, aliyepewa nafasi ileile kila wiki ili atoe maoni yake, na anayewajibika kwa maoni hayo kwa jina lake. Fikiria matangazo ya mpira redioni: mtangazaji akisema mpira umevuka mstari wakati haukuvuka, ameharibu; mchambuzi anayekaa pembeni yake anaruhusiwa kusema kocha afukuzwe kesho asubuhi, mradi aeleze kwa nini na asibadilishe idadi ya magoli. Kumlaumu mwandishi wa safu kwa kuwa na upande ni kumlaumu mchambuzi kwa kuchambua. Lawama inayomstahili ni ya kubadilisha magoli.

Neno la tatu ndilo lenye vurugu kubwa, kwa sababu watu husema "uhuru" wakimaanisha mambo matatu. Chukua mfano wa nyumba. Baba anampa mwanawe chumba cha uani chenye mlango wake na ufunguo wake. Mwana anapika anachotaka na kupaka rangi anayoipenda, lakini hati ya nyumba imo kabatini kwa baba, na siku baba akiamua kubadilisha kitasa hakuna karatasi inayomzuia, ingawa aibu na macho ya majirani vinaweza kumzuia. Huo ndio ugatuzi wa Scotland. Sasa fikiria ndugu waliorithi nyumba kwa pamoja, na fungu la kila mmoja limeandikwa kwenye hati, kiasi kwamba hakuna anayeweza kubomoa ukuta bila wenzake kukubali. Hilo ni shirikisho. Uhuru ni mwana kuhamia kwenye kiwanja chake, kwa hati yake na bili zake, na ugomvi wote hubaki katika swali la vyombo gani anahama navyo na madeni gani yanamfuata.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Ugatuzi wa Kenya na ugatuzi wa Scotland vina jina moja lakini havina hati moja. Kaunti 47 za Kenya zimeandikwa ndani ya Katiba ya 2010, na kuyagusa malengo na muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni ya wananchi. Bunge la Scotland lina madaraka makubwa kuliko kaunti yoyote, kwani linatunga sheria za afya, elimu na mahakama, lakini liliundwa kwa sheria ya kawaida ya Bunge la London ya mwaka 1998. Mwana mwenye chumba kikubwa zaidi ndiye mwenye hati dhaifu zaidi. Nusu ya aliyoyaandika Ascherson kuhusu Scotland inazunguka jambo hilo.

Kazi yake haikuanzia upande wa wadai uhuru. Akiwa kijana alitumikia jeshi la Royal Marines huko Malaya, wakati Uingereza ikipambana na wapiganaji wa msituni waliotaka kuiondoa. Alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma historia, alikwenda kwenye karamu ya chuo akiwa amevaa medali ya vita hivyo, na mwalimu wake, mwanahistoria Mmaksi Eric Hobsbawm, akamwambia kwamba alipaswa kuona haya kuivaa. Kijana akaivua. Hobsbawm baadaye alimtaja kuwa labda ndiye mwanafunzi mwerevu kuliko wote aliowahi kuwafundisha, ingawa yeye mwenyewe aliutilia shaka utaifa wa nchi ndogo ndogo hadi mwisho wa maisha yake, na mwanafunzi hakumfuata katika hilo. Nakitaja kisa cha medali kwa sababu kinakanusha dhana kwamba mtu wa namna hii huzaliwa akiwa ameshaamua.

Katikati ya miaka ya 1950 alikuja Uganda na kufanya kazi kwa muda na Uganda National Congress, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 na Ignatius Musaazi. Uganda ya wakati ule ilikuwa imetikiswa na kisa cha Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, ambaye Gavana Andrew Cohen alimpeleka uhamishoni mwaka 1953 na ambaye hakurudi hadi mwaka 1955. Ilikuwa nchi yenye maswali mawili kwa wakati mmoja. Uganda ilitaka kutoka mikononi mwa Uingereza, na ndani ya Uganda, Buganda haikutaka kumezwa na Uganda. Baadaye Lukiiko, yaani baraza la Buganda, ilitangaza kwamba Buganda ingekuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 1961, tangazo ambalo hakuna aliyelitambua. Mwaka 1962 Buganda ikaingia kwenye uhuru wa Uganda ikiwa na madaraka ya kishirikisho. Na mwaka 1966 madaraka hayo yakafutwa kwa mtutu, Lubiri, ikulu ya Kabaka, ikashambuliwa naye akakimbia. Neno "federo", yaani shirikisho, bado linazungumzwa Kampala hadi leo. Kila uhuru huwa na uhuru mwingine tumboni mwake, na mtu aliyepita Uganda ya miaka ile alikuwa amepita darasani.

Mwaka 1963 alitoa kitabu kuhusu Mfalme Leopold wa Pili na Congo, akimchambua mfalme huyo kama mfanyabiashara aliyeigeuza nchi nzima kuwa kampuni yake binafsi. Mwaka huohuo ndipo dola ya Katanga, jimbo la Congo lililojitangaza huru chini ya Moïse Tshombe mnamo Julai 1960, ilipomalizwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa. Inafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu Katanga ndiyo inayoeleza kwa nini masikio yetu husikia "uhaini" pale Mskoti anaposikia "hoja". Katanga ilikuwa na shaba, na nyuma ya uhuru wake ilisimama kampuni ya madini ya Union Minière pamoja na askari wa kukodiwa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, aliuawa huko. Kizazi kizima cha viongozi wa Afrika kilitoka kwenye mkasa huo kikiamini kwamba anayedai kujitenga ametumwa, na mnamo Julai 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe.

Hata hivyo, imani hiyo haikuwa amri isiyo na mjadala. Tanzania, nchi iliyozaliwa kwa kuungana, iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, na mwezi huohuo Mwalimu Nyerere alieleza sababu zake katika makala yaliyochapishwa na The Observer la London, gazeti ambalo Ascherson alikuwa akiliandikia habari kutoka Ujerumani wakati huo. Hoja ya Mwalimu, kwa ufupi, ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu wake, na watu wasiohakikishiwa usalama ndani yake hawawezi kulazimishwa kuipenda. Rais aliyelinda Muungano wake kwa wivu aliandika kama mwandishi wa safu kutetea utengano wa wengine. Anayesema kwamba kutetea uhuru wa sehemu ya nchi ni uchochezi kwa asili yake ana kazi ya kueleza makala hayo.

Kama ni kosa la jinai au la, hilo linategemea nchi. Katika Uingereza hakuna sheria inayomkataza mtu kutaka Scotland iondoke kwa kura, na chama chenye lengo hilo kimeongoza serikali ya Edinburgh tangu mwaka 2007. Katika Hispania maoni hayo ni halali pia, lakini katiba ya 1978 inasema taifa halitenganishwi, kwa hiyo kutoka kwenye maoni kwenda kwenye vitendo ni hatari. Carles Puigdemont alikuwa mwanahabari wa gazeti la El Punt mjini Girona kabla ya kuingia siasa. Akiwa rais wa Catalonia aliitisha kura ya maoni ya tarehe 1 Oktoba 2017 ambayo mahakama ilikuwa imeizuia, kisha akakimbilia Ubelgiji, na wenzake 9 walihukumiwa mwaka 2019 vifungo vya kati ya miaka 9 na 13 kabla ya kusamehewa mwaka 2021. Hawakufungwa kwa safu walizoandika. Mstari kati ya kusema na kutenda ulikuwapo hata huko, ingawa ulikuwa mwembamba kuliko ule wa London.

Turudi kwa Ascherson. Mwaka 1975 aliacha habari za Ulaya na kuhamia The Scotsman la Edinburgh ili aandike siasa za Scotland. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri kwa mwandishi. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa katika Bahari ya Kaskazini, na katika uchaguzi wa Oktoba 1974 Scottish National Party, chama cha wadai uhuru, kilipata asilimia 30 ya kura za Scotland na wabunge 11. Serikali ya chama cha Labour mjini London, ikihofia kupoteza zaidi, iliahidi baraza la kutunga sheria la Scotland, yaani chumba cha uani, na kuitisha kura ya maoni tarehe 1 Machi 1979.

Yaliyotokea siku ile lazima yahesabiwe polepole. Mbunge mmoja wa Labour, George Cunningham, Mskoti aliyewakilisha jimbo la London, alikuwa amefanikiwa kuingiza sharti kwamba kura za ndiyo zifikie asilimia 40 ya watu wote walioandikishwa, siyo ya waliopiga kura tu. Sasa chukua mtaa wa watu 100 walioandikishwa. Watu 64 walikwenda kupiga kura. Watu 33 walisema ndiyo na 31 wakasema hapana. Ndiyo ilishinda, kwa asilimia 51.6 ya kura zilizopigwa, na hata hivyo ikashindwa, kwa sababu 33 haifiki 40. Wale 36 waliobaki nyumbani, wakiwamo wagonjwa, wasafiri na marehemu ambao majina yao yalikuwa hayajafutwa daftarini, walihesabika kana kwamba wamesema hapana. Kwenye kilima cha Calton mjini Edinburgh, shule ya zamani ilikuwa imeshatengenezwa kwa ajili ya baraza hilo, ukumbi tayari, na ukumbi huo haukupata wawakilishi wa kuukalia. Wiki 4 baadaye serikali ya Labour iliangushwa bungeni kwa tofauti ya kura moja, 311 kwa 310, na mwezi Mei Margaret Thatcher wa chama cha Conservative akashinda uchaguzi.

Hapa ndipo dhana ya kwanza kubwa inapobomoka, ile inayosema kwamba gazeti likishika bango, wananchi hufuata. The Scotsman liliunga mkono ugatuzi kwa nguvu, likiwa na waandishi hodari, na theluthi nzima ya wapiga kura hawakutoka nyumbani. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha mwaka 2002, Ascherson alieleza kwamba jamii ya Scotland ina ufa mrefu wa chini kwa chini: upande mmoja wako wachache wenye elimu na kujiamini, ambao wamezoea kuzungumzia taifa na katiba, na upande mwingine wako wengi ambao historia ya kufukuzwa mashambani na kuhamishiwa viwandani imewafundisha kutoamini ahadi yoyote inayotoka juu, hata ikitoka kwa Mskoti mwenzao. Kwa maoni yangu hayo ndiyo maandishi yake yenye thamani kubwa kuliko yote juu ya nchi yake, na inafaa kuona kwamba yanaulenga upande wake mwenyewe. Mtu anayelipwa kuimba sifa za harakati hawezi kuandika kwamba harakati haijaaminika kwa watu wake.

Baada ya 1979 alirudi London. Aliandika juu ya Poland na mgomo wa wafanyakazi wa Gdańsk wa Agosti 1980, kisha kuanzia mwaka 1985 akawa na safu ya kila wiki katika The Observer, na kuanzia mwaka 1990 katika The Independent on Sunday, gazeti lililoanzishwa mwaka huohuo. Dhana kwamba mwandishi wa namna hii huandika kwa kuwachukia majirani haiwezi kukubaliana na ukweli huu: kwa zaidi ya miaka 10 wengi wa wasomaji wake walikuwa watu wa England, wakilipa fedha zao Jumapili asubuhi kumsoma Mskoti akiwaeleza kwamba dola yao imezeeka. Hakuwaambia kwamba wao ni wabaya. Aliwaambia kwamba mfumo wao ni wa kizamani.

Hoja yenyewe aliitoa katika mhadhara wa katikati ya miaka ya 1980, nayo inaeleweka vizuri tukirudi kwenye nyumba yetu. Katika nchi nyingi, mamlaka ya mwisho yako kwa wananchi, na bunge ni mtumishi aliyefungwa na katiba. Uingereza haina katiba ya namna hiyo. Mamlaka ya mwisho yako kwa Bunge la London, ambalo lilimnyang'anya mfalme uwezo usio na mipaka na kuuhifadhi lenyewe badala ya kuugawa. Kwa hiyo chochote linachokigawa ni kwa hisani, na hisani hurudishwa. Wasiwasi huo ulikuwa na mfano hai. Ireland ya Kaskazini ilikuwa na bunge lake kuanzia mwaka 1921, na mwaka 1972, machafuko yalipozidi, London ilibadilisha kitasa kwa sheria moja. Hapo ndipo ilipo kazi halisi ya mwandishi wa safu wa aina hii. Watu mitaani huuliza, "Je, tutakuwa matajiri zaidi?" Yeye huandika wiki baada ya wiki hadi baadhi yao waanze kuuliza, "Hati iko kwa nani?"

Mwaka 1997 serikali mpya ya Labour iliitisha kura ya pili ya ugatuzi. Safari hii Ascherson na kikundi cha waandishi, wanamuziki na wasomi walipanda basi dogo wakazunguka miji na vijiji vya Scotland, wakiiga ziara ambayo mwandishi Günter Grass aliifanya Ujerumani wakati wa uchaguzi wa miaka ya 1960. Hawakwenda kuhutubia. Waliimba kidogo, wakasoma kidogo, kisha wakawauliza watu kumbini wanataka Scotland ya namna gani, wakakaa kusikiliza. Tarehe 11 Septemba, asilimia 74.3 walisema ndiyo kwa bunge, na hakukuwa na sharti la asilimia 40. Sidai kwamba basi lilileta ushindi huo, kwani miaka 18 ya serikali za Conservative ambazo Scotland haikuzichagua ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko waandishi wote kwa pamoja.

Na sasa jambo linalowachanganya kabisa wanaoamini kwamba mwandishi wa safu anayedai uhuru ni msemaji wa chama cha uhuru. Bunge jipya lilipochaguliwa Mei 1999, Ascherson aligombea kiti cha West Renfrewshire kwa tiketi ya Liberal Democrats, chama kinachotaka shirikisho na kinachopinga uhuru kamili. Alishindwa, akarudi kwenye kalamu. Miaka 15 baadaye, kura ya uhuru wenyewe ilipofika, alikuwa upande wa ndiyo, hadharani. Wanaotafuta unafiki wanaweza kuuona hapo. Mimi naona mtu aliyejaribu chumba cha uani, akajaribu hati ya pamoja, na alipoona kwamba mwenye nyumba hana nia ya kuandika hati ya pamoja, akahitimisha kwamba kilichobaki ni kiwanja. Waskoti wengi walipita njia hiyohiyo, na safu zake za miaka 40 ni kama daftari la safari yao.

Kura ya tarehe 18 Septemba 2014 ilifanyika kwa makubaliano yaliyotiwa saini Edinburgh Oktoba 2012 na David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza, na Alex Salmond, kiongozi wa serikali ya Scotland, kwa hiyo haikuwa na harufu ya Katanga wala ya Catalonia. Kati ya magazeti yote makubwa ni moja tu, Sunday Herald la Glasgow, lililounga mkono uhuru. Mengine yalipinga au yalikaa kando. Asilimia 84.6 ya walioandikishwa walipiga kura, wakiwamo vijana wa miaka 16 na 17. Hapana ilishinda kwa 55.3 dhidi ya 44.7. Magazeti yalikuwa karibu yote upande mmoja na bado watu 1,617,989 wakaenda upande wa pili, jambo linalopaswa kupunguza hofu ya wanaodhani safu moja ya Jumapili inaweza kuvunja nchi.

Kura hiyo ilikuwa na jambo lingine linalowahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wengi hudhani kwamba kudai uhuru wa Scotland ni kudai nchi ya damu, ya walio na koo za Kiskoti. Kanuni ya upigaji kura ilikuwa kinyume chake: aliyehesabika ni mkazi. Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyekuwa akiishi Glasgow kihalali alikuwa na haki ya kupiga kura, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, wakati Mskoti aliyezaliwa Edinburgh kwa wazazi wa Edinburgh lakini akahamia London hakuwa na haki hiyo. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa kanuni hiyo, lakini hawezi kuiita ya kikabila.

Baada ya hapo mambo yalikwama. Mwaka 2016 Uingereza iliamua kutoka Umoja wa Ulaya ilhali asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki, na serikali ya Edinburgh ikadai kura nyingine ya uhuru, London ikakataa. Edinburgh ikaipeleka Mahakama ya Juu ya Uingereza hoja kwamba Bunge la Scotland linaweza kuitisha kura hiyo lenyewe. Tarehe 23 Novemba 2022, mwezi mmoja na siku chache baada ya Ascherson kutimiza miaka 90, majaji 5 walijibu kwa sauti moja. Hawakusema kama Scotland ina sababu nzuri au mbaya ya kuondoka, wala hawakuhesabu mafuta. Walisema kwamba jambo linalogusa Muungano liko chini ya Bunge la London, na bila ridhaa ya Bunge hilo kura haiwezi kuitishwa. Hukumu ilisomwa na Rais wa Mahakama, Robert Reed, ambaye naye ni Mskoti.